Kizuri Chajiuza, cha Kati Chajieleza

Chukua chupa ya mvinyo wa bei ya kati, zile zinazopangwa usawa wa macho kwenye supamaketi za Dar es Salaam na Nairobi, uigeuze usome mgongoni. Maandishi yatakuwa ya Kiingereza, na kwa Kiswahili yatasema karibu hivi: shamba letu limezungukwa na milima na hupulizwa na upepo wa bahari, zabibu zimechumwa kwa mkono, alfajiri, mvinyo huu unanukia matunda meusi ya porini, karafuu na vanila, ni laini kama mahameli, una madaha, na ladha yake hukaa kinywani muda mrefu, unywe na nyama choma, au pamoja na marafiki. Sinukuu chupa yoyote. Nimechanganya nyingi, na aliyezoea kuzisoma atakubali kwamba maneno haya ungeweza kuyabandika kwenye chupa mia tofauti na asitokee mnunuzi wa kulalamika.

Hapo ndipo penye swali. Maneno ni mengi, yamepangwa kwa ufundi, lakini hayamsaidii mtu kutofautisha chupa na jirani yake. Yanafanya kazi gani basi? Wapo wanaojibu kwamba ni ulaghai wa wafanyabiashara tu, na wapo wapenzi wa mvinyo wanaoapa kwamba ni utaalamu usioonekana kwa pua zisizofunzwa. Nadhani pande zote mbili zinakosea kwa sababu moja: zinaichukulia lugha ile kama kitu kimoja. Ndani yake mna maneno ya pua, mna maneno ya watu, na mna hadithi za shamba, na kila kundi lina ukweli wake na chumvi yake. Hata asiyeonja pombe maishani ana sababu ya kulitazama jambo hili, maana mtindo huu umeshahamia kwenye pakiti za kahawa, chokoleti, asali na mafuta ya zeituni.

Nianze na maneno ya pua, ambayo ndiyo huchekwa zaidi, ilhali yana ukweli mwingi kuliko watu wanavyodhani. Mtu husoma "karafuu" kwenye lebo akajiuliza ni nani aliyetia karafuu kwenye zabibu. Hakuna aliyetia. Mapipa ya mwaloni huchomwa kwa ndani kabla ya kujazwa, na mbao ikishapata moto hutoa eujenoli, kemikali ileile inayoyapa mafuta ya karafuu ya Pemba harufu yake. Mbao hiyohiyo hutoa vanilini, ambayo ndiyo roho ya vanila. Pilipili hoho inayotajwa kwenye Cabernet Sauvignon inatokana na kemikali za kundi la pirazini, zilizomo pia kwenye hoho yenyewe, nazo huzidi zabibu zikichumwa kabla hazijaiva sawasawa. Ndizi mbivu za Beaujolais hutokana na namna ya kuchachusha zabibu zikiwa nzima, bila kupondwa. Siagi ya Chardonnay ni diasetili, inayoachwa na bakteria wanapoigeuza asidi kali ya zabibu kuwa laini. Na mwaka 2008 watafiti wa Australia walitangaza kuwa wameikamata kemikali inayoufanya mvinyo wa Shiraz unukie pilipili manga, rotundoni, wakaikuta imejaa tele kwenye pilipili manga zenyewe.

Riesling iliyokaa miaka mingi nayo hunukia mafuta ya taa, na hilo ni kweli kama zilivyo kweli karafuu na ndizi. Ila kwenye lebo hulioni. Sauvignon Blanc za New Zealand zina kemikali za salfa ambazo waonjaji wengi huzifananisha, bila aibu, na mkojo wa paka. Kampuni moja ya huko, Coopers Creek, iliwahi kuufanya mkojo huo wa paka kuwa jina la mvinyo wake, ikauza kwa kichekesho. Wengine wote huandika nyasi mbichi na pasheni, ambazo nazo zimo. Kwa hiyo shida ya maneno ya pua ni uchaguzi: lebo huchukua nusu ya ukweli, ile inayoliwa.

Aliyejaribu kuitia lugha hii nidhamu ni Ann Noble, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Mwaka 1984 yeye na wenzake walichapisha gurudumu la harufu: duara la tabaka tatu, katikati maneno ya jumla kama "tunda" na "kiungo", na kadiri unavyosogea ukingoni ndivyo yanavyokuwa mahususi, mpaka unafika kwenye limau, karafuu, majani yaliyokatwa. Darasani kila neno lilikuwa na glasi yake. Alichukua mvinyo wa kawaida usio na harufu ya kutaja, akatumbukiza kipande cha hoho kwenye glasi hii, karafuu kwenye ile, mwanafunzi akanusa na kukariri mpaka pua na neno vikashikana. Neno lisiloweza kuwekwa kwenye glasi halikupata nafasi kwenye gurudumu. Madaha hayatumbukizwi, yakaachwa nje. Manyoya ya mbwa aliyelowa, kwa kuwa yana harufu yake inayotambulika, yaliingia. Waandishi wa lebo walilipokea gurudumu kwa furaha, wakachuma matunda na viungo vyote, mbwa wakamwacha palepale.

Lebo haikuanza hivi. Kwenye kaburi la Tutankhamun, farao aliyefariki yapata mwaka 1323 kabla ya Kristo, ilikutwa mitungi ya mvinyo yenye maandishi ya karani: mwaka wa utawala, shamba ulikotoka, jina la mkuu wa watengenezaji. Michache imeandikwa kuwa ni mtamu, basi. Sifa zilikuwa na makao mengine. Abunuwasi tunayemjua kwa vituko vyake, yule wa Baghdad enzi za Harun al-Rashid, katika fasihi ya Kiarabu anajulikana kwanza kama mshairi wa mvinyo. Aliusifia rangi, umri, harufu na mng'aro kwa namna ambayo mwandishi wa lebo wa leo angemwonea wivu. Lakini yeye hakuwa na chupa ya kuuza.

Huko Uingereza sifa zilichukua sura ya watu. George Saintsbury, profesa wa fasihi aliyefundisha Edinburgh, alichapisha mwaka 1920 kumbukumbu za ghala lake la mvinyo, na humo mvinyo mmoja wa Hermitage aliuita wa kiume kuliko wote wa Ufaransa aliowahi kunywa. Katika lugha ya tabaka lake mvinyo ulikuwa na ukoo, malezi, adabu. Mwingine wa kike, mwingine mshamba. Kufikia mwaka 1937 mtindo huo ulikuwa umechekesha kiasi cha James Thurber kuchora katuni katika jarida la New Yorker: mwenyeji anawanadia wageni wake mvinyo wa nyumbani kana kwamba anamtambulisha kijana asiye na ukoo ila mwenye kujiamini. Maneno ya aina hii hayapimiki kwa glasi ya Ann Noble. Hayasemi kitu juu ya mvinyo. Yanamsema anayeunywa, na yanamwahidi kwamba akiununua atakuwa miongoni mwa watu wa namna fulani. Leo "kiume" na "kike" vimepungua, lakini "madaha", "ungwana" na "haiba" vingali kazini.

Karani na mshairi walikuja kukutana nyuma ya chupa katika nusu ya pili ya karne ya 20, na aliyewakutanisha ni supamaketi. Zamani mnunuzi wa Ulaya alikwenda kwa muuza mvinyo aliyemfahamu, akaulizwa anapika nini jioni, akapewa chupa. Kwenye rafu za kujihudumia muuzaji huyo hayupo, na chupa hamsini zinamkodolea mteja macho. Lebo ya nyuma ikapewa kazi ya muuzaji. Wakati huohuo, kuanzia mwaka 1978, Mmarekani Robert Parker alikuwa akichapisha jarida lake la kuhakiki mvinyo kwa alama mia, na maneno yake mazito ya matunda, jemu na chokoleti yalipendwa mno. Viwanda vikajifunza kujihakiki vyenyewe kwa sauti yake. Mhakiki angalau huweza kusema mvinyo ni mbaya.

Je, maneno hayo humbadilisha mnywaji? Humbadilisha sana. Jaribio linalosimuliwa mara nyingi ni la Bordeaux, lililochapishwa mwaka 2001 na Frédéric Brochet na wenzake: wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Wasimuliaji wengi huligeuza kuwa kisa cha mabingwa walioumbuka, ilhali waliojaribiwa walikuwa wanafunzi. Linaloonyesha, kwa maoni yangu, ni kwamba jicho huiambia pua itafute nini, na pua huenda kutafuta. Maneno hufanya vivyo hivyo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Adelaide waliwaonjesha wanywaji wa kawaida 126 mvinyo mweupe wa aina tatu, mara bila maelezo, mara kwa maelezo mafupi, mara kwa maelezo ya kina yenye historia ya kiwanda na ubora wake. Kwenye maelezo ya kina watu waliupenda zaidi mvinyo uleule, wakajisikia vizuri zaidi, na wakawa tayari kuulipia zaidi. Hapo mtu hawezi kusema wamedanganyika tu. Raha waliipata kweli. Sehemu yake ilitoka kwenye karatasi.

Sasa kama maneno yana nguvu hiyo, ungetarajia chupa ghali kuliko zote ndiyo iwe na maneno mengi kuliko zote. Mambo ni kinyume. Lebo ya Romanée-Conti, mvinyo wa Burgundy ambao chupa yake moja hugharimu bei ya gari, ni karatasi nyeupe yenye jina la shamba, daraja lake kisheria, mwaka wa mavuno, idadi ya chupa zilizopatikana mwaka huo, namba ya chupa uliyoishika, na sahihi ya msimamizi. Hakuna sifa hata moja. Hakuna beri, hakuna mahameli, hakuna ushauri wa kula na nini. Karani wa Tutankhamun angeielewa mara moja. Wakubwa wa Bordeaux nao, wale waliopangwa kwa madaraja mwaka 1855, husema machache hivyohivyo. Château Mouton Rothschild imekuwa ikiwapa wasanii wakubwa kuchora lebo yake tangu mwaka 1945, Picasso akiwa mmoja wa waliotumika, lakini picha si maelezo: haikuelezi ladha.

Shuka hadi chini kabisa ya rafu, utakuta ukimya wa aina nyingine. Mwaka 2001 ukoo wa Casella wa New South Wales, Australia, uliingiza Marekani mvinyo wa Yellow Tail, wenye mnyama wa jamii ya kangaruu kwenye lebo na karibu hakuna msamiati wa kitaalamu. Ulikuwa mtamu kidogo, rahisi kunyweka, bei nafuu, na ndani ya miaka michache ukawa kinara wa mvinyo wa kigeni katika soko la Marekani. Mnunuzi wake hakutaka kuhubiriwa.

Maua, basi, huchanua katikati. Dan Jurafsky, mwanaisimu wa Stanford, aliyaona hayohayo kwenye orodha za vyakula vya mikahawa ya Marekani katika kitabu chake cha mwaka 2014. Baada ya kuchambua orodha 6,500, aligundua kwamba maneno marefu huendana na bei kubwa, wastani wa neno ukiongezeka herufi moja chakula kinaongezeka bei kwa senti 18. Lakini sifa tupu, za "kitamu" na "cha kupendeza", hazikai kwenye mikahawa ghali. Zimejazana kwenye mikahawa ya kati. Mkahawa mkubwa haukuambii chakula chake ni kitamu, kwa kuwa kulisema ni kukiri kwamba ungeweza kudhani vinginevyo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ila kwa mvinyo methali hiyo inahitaji kurekebishwa. Mvinyo wa katikati si mbaya. Mara nyingi ni safi na wa kunyweka vizuri. Kosa lake ni kufanana na wenzake mia, huku ukigharimu mara mbili ya ule wa rafu ya chini. Tofauti hiyo ya bei lazima ielezwe kwa namna fulani, na anayeieleza ni mwandishi wa lebo.

Angeweza kuieleza kwa taarifa. Hapa ndipo ninapoona lawama ya kweli, na haiwahusu waandishi peke yao. Kwa muda mrefu mvinyo umekuwa na upendeleo ambao biskuti haikuupata: kutotaja viambato. Mtengenezaji anaweza, kwa kufuata sheria, kuongeza asidi na unga wa tanini wa kuzidisha ukakasi, kusafisha kwa ute wa yai au kwa gundi itokanayo na mabondo ya samaki, na kuloweka vipande vya mwaloni badala ya kununua mapipa. Umoja wa Ulaya uliruhusu vipande hivyo mwaka 2006. Vanila ya lebo inaweza kuwa imetoka kwenye mfuko wa mbao zilizokatwakatwa. Neno ni kweli, pua haikosei, ila picha ya pipa lililolala gizani mnunuzi ameichora mwenyewe. Hata tarakimu ya kilevi ina ulegevu: Marekani, kwa mvinyo usiozidi asilimia 14, sheria huruhusu kiwango kilichoandikwa kutofautiana na cha kweli kwa pointi moja na nusu, juu au chini.

Hadithi za shamba nazo zina mianya ya namna hiyo. Nchini Hispania neno Reserva lina maana ya kisheria. Rioja nyekundu haiwezi kuitwa hivyo kabla ya kukaa miaka mitatu, angalau mmoja kati ya hiyo ndani ya pipa. Marekani neno la karibu yake, Reserve, halina masharti yoyote ya kitaifa, na Ufaransa "mizabibu ya kale" haina umri uliowekwa. Udongo wa chokaa na mawe unaosemekana "kuonjeka" nao umetiliwa shaka na mwanajiolojia Alex Maltman wa Aberystwyth, Wales: madini ambayo mzizi huyachukua ni kidogo mno na hayana ladha ya mwamba. Shamba linaweza kuubadilisha mvinyo kwa maji, joto na mteremko wake. Jiwe lenyewe halipandi kwenye shina.

Kwa nini basi viwanda visiandike vilichofanya? Jibu lilipatikana Australia mwaka 2010, na halitusifii sisi wanunuzi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha South Australia walipima ni maelezo gani ya lebo ya nyuma yanayomvuta mtu kuchagua. Historia ya kiwanda ilivuta, maelezo marefu ya ladha yalivuta, ushauri wa chakula ulivuta. Orodha ya viambato ilifukuza. Mmarekani Randall Grahm, wakati huo wa kiwanda cha Bonny Doon, ambaye lebo zake zenye mzaha zilijulikana kabla ya hapo, alijitolea kuandika viambato kuanzia mavuno ya 2007. Waliomfuata ni wachache. Ilibidi sheria iingie. Mvinyo uliotengenezwa kuanzia tarehe 8 Desemba 2023 na kuuzwa katika Umoja wa Ulaya lazima utoe orodha ya viambato, ingawa imeruhusiwa kuwekwa nyuma ya msimbo wa QR, ambao msomaji lazima aufungue kwa simu. Mashairi yamebaki kwenye karatasi, viambato vimepelekwa kwenye simu. Aliyepanga hivyo alijua watu husoma wapi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki lipo jambo jingine. Sehemu kubwa ya mvinyo wa rafu zetu hutoka Afrika Kusini na Ulaya, na matunda ya lebo ni ya bustani za Ulaya. Wengi wetu tukiambiwa beri nyeusi fulani tunakumbuka, kama tunakumbuka kitu, sharubati ya kopo. Jeannie Cho Lee, mtu wa kwanza kutoka Asia kupata cheo cha Master of Wine, alikabili shida hiyo akiwa Hong Kong, na mwaka 2009 alitoa kitabu kinachousoma mvinyo kwa vyakula na harufu za Asia. Huku kwetu kazi hiyo isingekuwa ya kubuni mapambo. Pasheni na Sauvignon Blanc zina kemikali moja ya harufu. Karafuu na pipa tumeshaona. Zambarau ingemweleza mnywaji wa Morogoro au Mombasa mvinyo mwekundu kuliko tunda lolote la Uingereza, na ukakasi wa bibo ndio hasa ambao lebo huuzungukazunguka kwa kuuita "tanini zenye umbo".

Dodoma ingekuwa mahali pa kuanzia. Zabibu zilifika huko kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki katikati ya karne ya 20, zikaenea Bihawana, Hombolo na Makutupora, na kituo cha utafiti cha TARI Makutupora kimelea hata mbegu yenye jina la mahali hapo. Mvinyo wake una kitu ambacho lebo za Ulaya hazina namna ya kukisema. Mzabibu wa Bordeaux huzaa mara moja kwa mwaka, ndiyo maana mwaka peke yake unatosha kwenye lebo. Wa Dodoma huvunwa mara mbili, mzunguko mmoja ukikutana na mvua na mwingine na kiangazi, kwa hiyo tarakimu ya mwaka inaficha mavuno mawili yenye sukari na uchachu tofauti. Ukiandikwa mwezi wa mavuno, mnunuzi anaweza kuweka mezani chupa mbili za shamba moja na mwaka mmoja, akaonja mvua na jua pembeni kwa pembeni, bila kuhitaji sifa ya mtu yeyote.